Gitaa la Umeme Kwenye Ampli ya Besi: Sauti Ikikataa, Anzia Hapa

Umechomeka gitaa lako kwenye ampli ya besi kwa sababu ndiyo iliyopo. Sauti inatoka, ila si ile unayoijua: ama imekorogeka, ama inachoma masikio, ama inasikika kana kwamba anapiga mtu wa chumba cha pili. Nimepitia hali hiyo mara nyingi, na ninaipenda ampli ya besi kiasi kwamba sitaki uikatie tamaa kabla hujajua kinachoendelea ndani yake.

Kwanza hofu iondoke. Gitaa haliui ampli ya besi. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne ukipigwa wazi hutoa takriban hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde. Uzi wa sita wa gitaa, kwa tyuni ya kawaida, hutoa takriban 82. Spika iliyozoea kubeba 41 haitaabishwi na 82. Hatari iko upande wa pili, yaani besi kwenye ampli ya gitaa, ambako koni nyepesi hulazimishwa kwenda mbele na nyuma kuliko uwezo wake. Kwetu sisi kuna kifaa kimoja tu cha kuchunga, nacho ni twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Nitaifikia.

Jambo la kuelewa ni hili: ampli ya gitaa haikuzi sauti tu, inaitengeneza. Spika yake huanza kuangusha sauti za juu kuanzia kama hezi 5,000, na kabla ya hapo huinua kidogo eneo la 2,000 hadi 4,000, ndiyo maana gitaa husikika liko karibu, tena lina makali. Ikisukumwa sana, huanza kukwaruza kwa namna inayopendeza. Ampli ya besi imejengwa iseme kile ilichopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo mengi utakayoyaita matatizo ni kazi ambazo ampli ya gitaa ilikuwa ikikufanyia kimyakimya, na sasa inabidi uzifanye mwenyewe.

Kabla ya kugusa chochote

Ondoa pedali zote. Gitaa, kebo moja, ampli, basi. Nobu za toni ziweke katikati. Zima vitufe vyote vya ziada: vilivyoandikwa Shape, Contour, Deep, Bright. Kompresa, ile inayosawazisha noti kubwa na ndogo, iwe sifuri. Kwenye gitaa, volyumu na toni zifunguliwe hadi mwisho, uchague pikapu ya upande wa daraja.

Katika ampli nyingi za transista, nobu zikiwa katikati sauti haijaguswa. Kwenye ampli za valvu, zile za taa za kioo ndani, zenye saketi ya toni ya kizamani mambo ni tofauti: hata katikati, sauti za kati zinakuwa zimeshakatwa. Huko, anza na nobu ya kati ikiwa juu kabisa, besi na trebo zikiwa chini, halafu uongeze kidogo kidogo.

Piga kodi moja, uiache ife yenyewe. Sikiliza kabla ya kusogeza mkono. Tatizo lako ni la kupungukiwa na kitu au la kuzidiwa na kitu? Jibu hilo litakuokolea nusu saa.

Sauti ni nzito, imekorogeka, kodi hazitengani

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mtu hulikosea kwa njia moja: anakimbilia trebo. Anaiongeza hadi mwisho, sauti inabaki nzito ileile, sasa na ukali juu yake.

Anza kwa kupunguza. Piga uzi wa sita wazi, kisha uzi wa kwanza wazi, kwa nguvu sawa. Kama wa sita unaendelea kukijaza chumba wakati wa kwanza umeshanyamaza, besi imezidi. Irudishe nyuma polepole huku ukipiga nyuzi hizo mbili kwa zamu, hadi uone zinaishi muda unaokaribiana. Usiogope ikifika karibu na sifuri. Nobu ya besi kwenye ampli hizi mara nyingi hufanya kazi kati ya hezi 40 na 100, na gitaa halina noti chini ya 82. Kilichoko huko chini ni vishindo vya kiganja, mguso wa piki kwenye nyuzi na mtikisiko wa sakafu. Huhitaji hata kimoja.

Mkorogeko wenyewe hasa hukaa juu zaidi, kati ya hezi 150 na 300. Ampli yako ikiwa na nobu mbili za kati, ile ya chini ipunguze kidogo. Kama ina nobu ya kuchagua masafa, iweke kwenye 200 au 250 na ukate hapo. Kisha nobu ya kati ya juu, inayogusa 1,000 hadi 3,000, iongeze. Hapo ndipo gitaa linapoishi. Trebo iwe ya mwisho kabisa, na mara nyingi utakuta haihitajiki.

Ikiwa umefanya hayo yote na sauti bado imefunikwa, tafuta chanzo nje ya nobu za toni.

Angalia mahali ampli ilipo. Ikiwa sakafuni, kwenye pembe ya kuta mbili, chumba chenyewe kinaiongezea besi. Ivute mbele, mbali na ukuta, uipandishe juu ya kiti imara. Koni kubwa, hasa ya inchi 15, hutupa sauti za juu mbele moja kwa moja kama mwanga wa tochi, wakati sauti za chini husambaa kila upande. Ukisimama hatua moja mbele ya ampli iliyo sakafuni, makali yote yanapiga miguuni na wewe unapokea uzito peke yake. Iinamishe nyuma ielekee usoni. Nimeona watu wakibadilisha pikapu kwa tatizo lililohitaji tofali moja chini ya ukingo wa mbele wa kabati, yaani sanduku la spika.

Angalia kama kabati lina twita, na kama imefunguliwa. Swichi yake au nobu yake mara nyingi iko nyuma, karibu na tundu la kebo ya spika, na mpiga besi aliyetangulia huenda aliizima. Kwa sauti safi ya gitaa, ifungue nusu. Kabati lisilo na twita kabisa hutegemea koni zake: zile za inchi 10 kwa kawaida humfaa mpiga gitaa kuliko ya 15.

Angalia tundu uliloingilia. Ampli nyingi zina matundu mawili, au kitufe cha kuchagua pikapu za kawaida na zile zenye betri. Gitaa la kawaida lisilo na betri liende kwenye upande wa kawaida. Upande wa pili hupunguza nguvu ya ishara, na katika baadhi ya ampli za zamani tundu la pili huipa pikapu mzigo mkubwa zaidi, ambao hula sauti za juu kabla hazijafika popote.

Na kebo. Kebo ya kawaida huhifadhi chaji kidogo, takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, nayo humeza sauti za juu, na kadiri inavyorefuka ndivyo makali yanavyofifia. Ikizidi mita 6 hivi bila pedali yenye bafa (saketi inayoipa ishara nguvu ya kuvuka kebo) njiani, utaisikia tofauti. Nyuzi kuukuu nazo hufanya hivyohivyo, na hakuna nobu inayozifufua.

Sauti safi ni nzuri, ukiwasha distosheni inachachatika

Pedali ileile uliyoizoea, iliyokuwa tamu kwenye ampli ya gitaa, hapa inatoa mlio wa mafuta yanayochachatika kikaangoni. Pedali haijaharibika.

Distosheni, yaani ule mkwaruzo wa makusudi, huzaa sauti mpya juu ya kila noti unayopiga, nyingi zikiwa juu sana, hezi 6,000, 8,000 na kuendelea. Spika ya gitaa huzimeza hizo zote, na pedali nyingi zimetengenezwa zikitegemea zimezwe. Twita ya besi kazi yake ni kuzitoa, tena kwa uaminifu. Kile unachosikia ndicho ambacho siku zote kilikuwa kikitoka kwenye pedali yako.

Fanya jaribio hili. Washa distosheni, piga kodi ya nguvu na uiache ivute. Kwa mkono mwingine, au kwa msaada wa mwenzako, zungusha nobu ya twita nyuma ya kabati kutoka juu hadi sifuri. Utasikia ule mchachatiko ukivuliwa juu ya sauti kama utando wa maziwa, na chini yake gitaa likabaki. Siku niliyoisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza niliirudia mara tano, kwa furaha ya kujua.

Kwa hiyo, kwa distosheni, twita izimwe. Ikiwa haina swichi, punguza toni ya pedali hadi robo, punguza na kiasi cha distosheni chenyewe hadi nusu ya ulichozoea, kisha ushushe trebo ya ampli. Ampli inayosema kila kitu haihitaji distosheni nyingi. Kidogo kinasikika chote.

Suluhisho bora zaidi ni pedali inayoiga kabati la gitaa, au ekwaliza ya kawaida (pedali ya kupandisha na kushusha masafa mbalimbali) ikiwekwa mwisho wa msururu wa pedali. Kwenye ekwaliza, kata kila kilicho juu ya hezi 5,000, kata kilicho chini ya 100, inua kidogo karibu na 2,000. Ukitumia kiigizo cha kabati, twita unaweza kuiacha wazi, kwa kuwa kazi ya kukata imeshafanyika. Usifanye vyote viwili kwa pamoja, yaani kiigizo na kuzima twita, usije ukarudi kwenye uzito ule tulioutoka.

Aina ya pedali nayo ina neno. Ovadraivu, yaani pedali za distosheni laini, za ukoo wa Tube Screamer, zinazopunguza besi na kuinua eneo la hezi 720 hivi, zinaelewana sana na ampli ya besi, kwa sababu zinaleta kile kinachokosekana. Fazi, yaani pedali za distosheni nzito, za ukoo wa Big Muff, zinazochimba shimo katika sauti za kati, hupotea. Unaweza kuzitumia, lakini weka ekwaliza baada yake ufukie lile shimo.

Ukijaribu kupata distosheni kwa kuisukuma ampli yenyewe, matokeo yatategemea ilivyotengenezwa. Ampli ya transista au ya kidijitali ikizidiwa hukata mawimbi ghafla, na sauti inakuwa ya kukereketa. Taa nyekundu ya kuonya ikiwaka mfululizo, rudi nyuma. Ampli ya valvu huzidiwa kwa upole. Fender Bassman, iliyotoka mwaka 1952 kwa ajili ya besi, ilipofikia toleo la mwishoni mwa miaka ya 1950 lenye spika nne za inchi 10, wapiga gitaa waliichukua wakaifanya yao; na Jim Marshall na mafundi wake kule London, mwanzoni mwa miaka ya 1960, waliijenga ampli yao ya JTM45 kwa kufuata saketi yake. Bassman ile ilikuwa wazi mgongoni, haina twita, na ilikwaruza ikisukumwa. Ukizilinganisha sifa hizo tatu na za ampli iliyo mbele yako, utajua mapema ni ipi itakukatalia.

Sasa ile twita. Distosheni nzito kwa volyumu kubwa huielekezea nguvu nyingi kwa muda mrefu, kuliko besi inavyofanya, na inaweza kuungua. Ukisikia sauti imekuwa butu ghafla katikati ya wimbo, zima distosheni, shusha volyumu chini kabisa, usogeze sikio karibu nayo huku mwenzako akikwaruza nyuzi kwa kucha. Ikiwa kimya, ipumzishe dakika kadhaa: makabati mengi yana kinga inayojirudisha yenyewe ikipoa. Isiporudi, ni kazi ya fundi.

Piki haisikiki, kila noti iko sawa, sauti haina uhai

Unapiga kwa nguvu, unapiga taratibu, ampli inajibu vilevile. Hapa mtuhumiwa ni mmoja: kompresa, au limita inayozuia sauti isivuke kiwango fulani. Ampli nyingi za besi zinayo ndani, kwa sababu wapiga besi wanaitaka. Siku moja katika mazoezi nilihangaika nusu saa nikidhani pikapu zangu zimelegea waya, nikafungua hadi bamba la gitaa. Nobu ndogo ya kompresa, pembeni kabisa, ilikuwa imeachwa robo tatu. Niliposhusha, kodi ya kwanza ilinirukia.

Baadhi ya limita hazina nobu, hujiwasha zenyewe ampli ikikaribia mwisho wa nguvu zake. Dawa ni kupunguza besi, kwani sauti za chini ndizo zinazokula nguvu nyingi.

Chumbani inasikika, kwenye bendi inapotea

"Lakini ampli ni ya wati 100!" Ndiyo, ila wati peke yake hazisemi. Spika nyingi za gitaa hutoa desibeli 97 hadi 100 kwa wati moja, zikipimwa umbali wa mita moja. Spika nyingi za besi ziko chini ya hapo, maana zimetolewa ukali ili ziweze kushuka chini. Tofauti ya desibeli 6 ikiwepo, unahitaji nguvu mara nne ili ulingane. Ndiyo maana ampli ndogo ya gitaa ya valvu inaweza kuifunika ampli ya besi yenye wati nyingi kuliko yake.

Kuongeza volyumu hakusaidii kama unagombania nafasi moja na mpiga besi. Kata chini ya hezi 120, hata 150 kama ekwaliza inakuruhusu, uinue 1,500 hadi 2,500. Ukiwa peke yako sauti hiyo itaonekana nyembamba, na hapo ndipo wengi hurudisha besi na kupotea tena. Isikilize ndani ya bendi, uiamue humo.

Mvumo

Ampli ya besi inashuka hadi kwenye masafa ya umeme wa ukutani, hezi 50 au 60, kwa hiyo mvumo ambao ampli ya gitaa ilikuwa ikiuficha hapa unatoka wazi.

Gusa nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua, ngao ya waya ndani ya gitaa ni dhaifu, lakini muunganiko wa ardhi ya nyuzi upo. Ukizidi unapogusa, muunganiko huo una kasoro. Acha kupiga hadi ukaguliwe. Mvumo ukibadilika unapogeuka na gitaa, ni pikapu za koili moja zinazonasa umeme wa karibu: tafuta pembe ambapo unapungua, usogee mbali na transfoma za pedali. Ukibaki hata gitaa likichomolewa, uko ndani ya ampli. Ukija tu pedali zikiunganishwa, chunguza kifaa cha umeme kinachozilisha zote pamoja.

Usikate wala kuziba pini ya ardhi ya plagi ili kuua mvumo. Pini hiyo ndiyo inayokulinda wewe uliyeshika nyuzi za chuma.

Kunguruma na miluzi

Gitaa lenye tumbo wazi litaanza kunguruma mapema, kwa sababu kabati linalitikisa mwili. Simama pembeni, usielekeze gitaa kwenye koni, na ukate besi. Miluzi mikali ya juu ikija na distosheni, punguza distosheni kwanza.

Sauti ni kavu

Ampli za besi chache sana zina riverbu, yaani mwangwi wa chumba. Weka pedali ya riverbu baada ya distosheni, kiasi kidogo tu.

Inakatikakatika, au kimya kabisa

Badilisha kebo kwanza. Kisha chukua kebo fupi uunganishe tundu la Send na la Return nyuma ya ampli, yale ya kupeleka ishara kwenye pedali za nje na kuirudisha. Sauti ikirudi, swichi iliyo ndani ya tundu la Return imeingia kutu. Safisha kwa dawa ya kusafishia mawasiliano ya umeme, chomeka na uchomoe mara kadhaa. Kama ampli na kabati ni vitu viwili, kati yake itumike kebo ya spika, siyo ya gitaa. Na ampli ya valvu isiwashwe kamwe bila kabati kuunganishwa.

Tundu hilo la Return lina faida nyingine. Ukiwa na kifaa cha efekti nyingi chenye kiigizo cha ampli na cha kabati, chomeka huko moja kwa moja. Sehemu ya mbele yote ya ampli ya besi, toni zake, kompresa yake, unaziruka, na inabaki nguvu na spika tu. Chunga kitu kimoja: katika baadhi ya ampli nobu ya Master iko kabla ya Return, haitadhibiti chochote. Weka volyumu ya kifaa chako sifuri, washa, upige noti moja taratibu huku ukiipandisha.